Dawa Niliyompa Rika Langu

Nilipona wasiwasi kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumzika. Watu wakiniuliza nilitumia nini, huwa nawatajia mchaichai, matembezi ya asubuhi na kuacha kahawa. Ni kweli nilivitumia vyote. Lakini kilichonitoa kitandani kila siku kuvifuata hakikuwa majani. Ilikuwa hamu ya kusimama juu ya kaburi la mwanaume mmoja nikiwa mzima, moyo unapiga polepole, koleo la udongo mkononi.

Mwanaume huyo alikuwa rika langu. Kwetu huku, upande wa magharibi wa Mlima Meru, rika si mtu mliyezaliwa naye miaka inayokaribiana tu. Mliotahiriwa msimu mmoja mnakuwa kitu kimoja mpaka kufa. Rika lako humnyimi chakula, humfungii mlango, na siri yake huitoi. Yeye alitahiriwa hospitali, kwa kuwa baba yake alikuwa mwinjilisti na hakutaka mambo ya kienyeji yaingie nyumbani kwake. Sisi wengine tulitahiriwa alfajiri, tumemwagiwa maji ya baridi. Tulimtania kwa hilo tangu ujana.

"Wewe ulichomwa sindano ya ganzi," tulimwambia. "Nyamaza, wanaume wanaongea."

Alicheka na sisi. Sindano au maji, alikuwa rika.

Kosa la kwanza ni langu na nitaliandika kabla ya la kwake. Miaka ile nilikuwa mtunza stoo wa vipuri kwenye gereji moja pale Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Nilikuwa na mke, watoto watatu na shamba la migomba na kahawa huku juu. Nikapata mwanamke Kikatiti. Kila baada ya wiki mbili nilimwambia mke wangu kwamba nafuata vipuri Moshi, nikateremkia Kikatiti. Tukapata mtoto. Hakuna aliyenishawishi wala kunilewesha. Nilifanya kwa sababu nilitaka na kwa sababu niliona sitagunduliwa.

Siri ile ilinilemea, nikamwambia rika langu. Tulikuwa tunazibua mfereji wa maji, sisi wawili tu, matope mpaka magotini. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Kisha akasema, "Imefika kwangu, imelala."

Haikulala hata mwaka. Alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akalipeleka jambo langu kwenye baraza la wazee. Jumapili moja, wakati wa matangazo, kati ya tangazo la mazoezi ya kwaya na lile la mavuno, jina langu likasomwa. Nimewekwa chini ya marudi, adhabu ya kanisa, kwa kosa la uzinzi. Mke wangu alikuwa amekaa upande wa wanawake, benchi la tatu. Hakulia. Aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akatembea katikati ya kanisa mpaka nje, ambako watu walikuwa wanapanga kuku na mikungu ya ndizi kwa ajili ya mnada wa baada ya ibada. Akawapita. Jioni alikuwa Nduruma kwa kaka yake, na hakurudi kwangu tena.

Nilimfuata rika langu kesho yake.

"Nilikuambia kama rika," nikasema.

"Na mimi nilisema kama mzee wa kanisa."

"Ungeniambia kwanza."

"Ungenizuia."

Hapo hakukosea. Ningemzuia. Ningemlilia, ningemwahidi kumwacha yule mwanamke, na huenda nisingemwacha. Lakini mtu anaweza kusema kweli na bado ukamchukia mpaka mifupani.

Mke wangu aliishi Nduruma miaka minne, akaugua, akafa. Tulimzika kulekule shambani kwa kaka yake. Rika langu ndiye aliyeshika karatasi ya utaratibu, akiita watu mmoja mmoja kuweka mashada. Aliita kaka za marehemu, watoto wetu, umoja wa wanawake, kwaya, majirani. Nilisimama na shada langu nikisubiri jina langu. Akakunja karatasi, akaiweka mfukoni. Nilipokwenda kutupa udongo wangu, watu walikuwa wameshaanza kunawa mikono kwa ajili ya chakula.

Siku hiyo ndipo niliposema, kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia, kwamba huyu nitamzika mimi.

Ugonjwa ulianza muda mfupi baadaye. Kengele ya kanisa ikipigwa, moyo ulianza kukimbia kama mbuzi aliyekatika kamba. Viganja vililowa, kifua kikabana, nikaona nakufa. Baadaye haikusubiri kengele. Ilinikuta kwa kinyozi, nikaondoka na nusu ya kichwa hakijanyolewa. Ilinikuta sokoni Ngaramtoni nikiwa nachagua mbegu za maharage, nikaketi chini kwenye vumbi, wanawake wakanipepea kwa kanga. Nikaacha kwenda popote. Nilistaafu kabla ya wakati wangu.

Nikajitibu nilivyofundishwa na baba. Mwanaume akiishiwa nguvu, alisema, anywe supu ya magome. Unachemsha mifupa ya mbuzi, unatia gome la kiloriti, ule mti wa miiba, mpaka supu inakuwa nyekundu na chungu. Morani wa zamani waliinywa walipotaka ukali. Mimi nilikuwa mtu anayetetemeka, na nikawa nakunywa kitu cha kumfanya mtu atetemeke. Juu yake nikaongeza kahawa ya shambani kwangu mwenyewe, nzito, isiyo na maziwa. Usiku nilihesabu mabati.

Mwishowe binti yangu alinishika mkono akanipeleka zahanati. Daktari alikuwa msichana ambaye ningeweza kuwa babu yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Alipima presha, akasikiliza kifua, akanipeleka kwenye kipimo cha nyaya. Aliporudi akakaa.

"Babu, moyo wako ni mzima. Unakunywa kahawa vikombe vingapi kwa siku?"

"Vinne. Saba wageni wakija."

"Na wageni wanakuja?"

"Hakuna anayekuja."

"Jana ulikunywa vingapi?"

"Saba."

Alicheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Akanieleza kwamba wasiwasi wa namna hii ni ugonjwa kama magonjwa mengine, si uchawi wala udhaifu wa imani. Tungeanza na mambo ya nyumbani, nirudi baada ya mwezi, na yasipotosha kuna vidonge na kuna watu waliosomea kuzungumza na wagonjwa. Niache kahawa kidogo kidogo, si kwa siku moja. Niache ugoro. Nitembee nusu saa kila asubuhi. Nile kwa saa zilezile, nilale kwa saa ileile. Ninywe mchaichai jioni kama naupenda. Na moyo ukianza kukimbia, nivute pumzi nikihesabu mpaka nne, niitoe nikihesabu mpaka sita.

"Na hicho unachotia kwenye supu, babu, ukiache kabisa."

Nilitii kila kitu isipokuwa kuhesabu. Nilivuta pumzi nikilitaja jina lake, nikaitoa taratibu nikisema, nitakuzika. Ilitosha kabisa. Matembezi yangu nilipanga yapite mbele ya lango lake, nione kama amezeeka kuliko jana. Nilipanda mchaichai kando ya jiko, na kila nilipochimba nilipima kwa macho kina cha kaburi. Nikikosa hamu ya kula, nilijiambia kwamba yeye anakula. Nikitaka kuamka usiku kukaa gizani na mawazo, nilijilaza tena, kwa maana mzee asiyelala hufa mapema na mimi sikuwa na ruhusa ya kufa mapema.

Yule daktari alifurahi sana na maendeleo yangu. "Babu, wewe ni mfano," aliniambia. Sikumwambia ni mfano wa nini.

Ndani ya mwaka nilikuwa nashuka Sakina kwa miguu na kupanda tena bila kusimama. Nilikaa kanisani ibada nzima. Habari zikaenea mlimani kwamba mzee fulani alikuwa anatetemeka kama jani na sasa amepona kwa majani.

Ndipo akaja yeye. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa napogoa migomba. Nilisikia hodi langoni nikaitambua sauti.

"Rika," alisema. "Hunikaribishi?"

"Lango halina kufuli."

Akaingia, akakaa kwenye benchi la nje bila kuambiwa. Uzee wa kanisa alikuwa ameshauacha. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na mguu wake mmoja ulikuwa unachezacheza wenyewe. Niliujua mguu ule. Ulikuwa mguu wangu wa zamani.

"Silali," alisema. "Moyo unanienda mbio. Wamenipima, wanasema sina kitu. Nimesikia na wewe ulikuwa hivi. Unakunywa nini?"

"Wewe mtu wa misheni, leo unatafuta dawa za kienyeji?"

"Nitanie tu, rika. Sina nguvu ya kujibu."

Angeomba msamaha pale, sijui ningefanya nini. Hakuomba. Nikaingia stoo. Kule nyuma kulikuwa na kopo la unga wa kiloriti ambao sikuwa nimeutupa. Nikachanganya na unga wa tangawizi na majani makavu ya mchaichai ili unukie vizuri. Mtu mwingine yeyote wa huku angeonja mara moja akaitambua, akaacha, maana ladha ile tumekua nayo. Yeye hakuwahi kuionja. Baba yake mwinjilisti alimwaga kila sufuria ya magome aliyoikuta. Nililijua hilo, na ndiyo sababu niliweza.

"Kijiko kimoja kwenye supu asubuhi, kimoja jioni," nikamwambia.

"Na kahawa? Daktari alisema niipunguze."

"Madaktari wa siku hizi! Kahawa inaisukuma dawa ifike mwilini. Usiiache."

Alinishukuru kwa mikono miwili.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu, na nitakuwa mwongo nikiandika vinginevyo. Nilimwona akipita njiani kwa haraka kama anayefukuzwa, akiongea peke yake. Kanisani aliinuka katikati ya mahubiri akatoka, kama alivyotoka mke wangu, na watu wakageuza shingo kumtazama. Nilirudi nyumbani nikanywa mchaichai wangu, nikalala kama mtoto. Sikuwa namwua, nilijiambia. Nilikuwa namwonjesha.

Baada ya wiki tatu alirudi. Unga ulikuwa umekwisha.

"Ni kali," alisema. "Lakini nasikia inapambana na ugonjwa. Ndivyo ilivyokuwa kwako?"

"Mwanzo ndivyo ilivyo."

Akatazama chini, mikono kati ya magoti ili isionekane ikitetemeka.

"Unajua inaanzaje? Namwona mama watoto wako akifunga kitenge chake. Kila nikifumba macho. Nilidhani ungefuatwa na kuonywa, kisha ungebaki na mkeo. Sikujua jina litasomwa siku ile, naye yupo. Na Nduruma, nilikuona na shada. Niliogopa kukuita."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kuacha. Mtu alikuwa ameweka mbele yangu kitu nilichokisubiri miaka yote. Nilichosikia mimi ni kwamba aliniona. Aliniona na shada mkononi, na bado akakunja karatasi.

Nikaingia stoo nikamjazia kopo tena. "Sasa vijiko viwili," nikamwambia.

Siku kumi na nne baadaye, kabla ya saa sita mchana, binti yake mdogo alikuja akikimbia. Ndiye aliyebaki nyumbani kumtunza. Viatu vyake havikulingana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Baba ameanguka mferejini. Tumemkimbiza hospitali. Presha iko juu sana, moyo unapiga ovyo, na hajalala siku tatu. Daktari anauliza alikuwa anatumia nini. Baba hawezi kuongea vizuri, ila alisema dawa ni yako. Ni nini, baba?"

Nilikuwa na kisu cha kukatia majani mkononi. Nakumbuka niliendelea kukata.

"Mchaichai," nikasema. "Na tangawizi kidogo."

"Basi?"

"Basi."

"Asante baba. Utuombee," akasema, akakimbia kurudi.

Nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa nimeshinda. Kilichobaki ni kunyamaza tu, na kunyamaza si kazi. Kaburi lilikuwa linanijia lenyewe. Nilingoja furaha ije, kikaja kifua. Kilibana kama sokoni Ngaramtoni, viganja vikalowa, macho yakaona weusi pembeni. Nikavuta pumzi, nikalitaja jina lake. Nilipotaka kusema yale maneno mengine, hayakutoka. Nikanywa maji. Nikatembea mpaka kwenye migomba na kurudi. Nikachemsha majani, nikamwaga kabla hayajachemka. Hakuna kilichofanya kazi, na nilijua kwa nini: safari hii sikuwa nimeugua. Mwili wangu ulikuwa unaniambia kweli.

Nikashuka mpaka barabarani, nikapanda bodaboda. Kijana aliyeniendesha alisema, "Mzee, shika vizuri, unatetemeka." Nikamwambia aendeshe tu.

Nilimkuta wodini, amewekewa dripu, amelala chali, macho wazi. Binti yake alikuwa ameketi pembeni na chupa ya uji. Alisimama kunipisha, akanipa kiti chake. Sikukaa. Nilimwinamia mgonjwa sikioni.

"Rika, ule unga haukuwa dawa ya wasiwasi. Ni kiloriti. Nilijua kitakufanya nini. Na kahawa nilikudanganya."

Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ndiyo ladha yake hiyo?" akasema kwa shida. "Baba hakutunyima kitu cha maana."

Sikujua nicheke au nilie. Kisha akageuza macho kumwelekea binti yake, ambaye alikuwa hajasikia nilichonong'ona.

"Mwambie."

"Mwambie wewe," nikasema. "Ni mwanao."

"Hapana. Mimi nilishasema ya mtu mara moja. Hili lisemee mwenyewe, kwa sauti."

Nikasimama wima. Wodi ilikuwa na vitanda nane, na wagonjwa na jamaa zao walikuwa wanatutazama kama watu wanavyotazama wazee wakinong'onezana. Nilimwambia. Nilisema nilimpa baba yako kitu ambacho mimi mwenyewe nilikatazwa na daktari, nikijua kitamfanya nini, na leo asubuhi ulipokuja nilikudanganya. Nilisema ni kwa sababu ya mke wangu. Nikasikia sentensi hiyo ya mwisho ilivyo dhaifu, nikairudisha: si kwa sababu ya mke wangu, ni kwa sababu nilitaka.

Nilitegemea kelele. Nilitegemea hata kofi, na ningelipokea. Binti yule aliweka chupa ya uji chini, akachukua kalamu kwenye mkoba wake.

"Vijiko vingapi?"

"Nini?"

"Kwa siku. Vingapi?"

"Viwili mwanzo. Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Baadaye vinne."

"Muda gani?"

"Wiki tano."

"Na kahawa?"

"Anayoitaka."

Aliandika yote kwenye kiganja chake, herufi kubwa. Hakuniita baba. Akaondoka kwa hatua ndefu kumtafuta daktari, nikasikia viatu vyake visivyolingana vikipiga sakafu mpaka mwisho wa korido.

Tukabaki wawili. Bado nilikuwa namchukia. Sitaki msomaji afikiri kwamba kukiri kuliniosha. Nilimchukia kwa kengele, kwa karatasi ile, kwa benchi la tatu. Ila sikutaka tena afe, na sikujua mtu afanye nini na chuki isiyo na kaburi mbele yake.

Akavuta miguu yake kando kidogo, chini ya blanketi. Sikujua kama ananipa nafasi ya kukaa kitandani au anajisogeza mbali nami. Nilibaki nimesimama, mkono kwenye chuma cha kitanda, tukingoja daktari aje.